Wajukuu wa Semfilinge

Zama hizo nchi ya Ulenge ilipimwa kwa miguu, siku mbili kutoka mto Lwiga hadi milima ya kaskazini, na mtu aliyeivuka yote aliitwa msafiri. Watu wake walivaa ngozi zilizolainishwa kwa mafuta na nguo za magome ya miti. Kaniki ilikuwa ya Mtwa, mtawala wao, na wake zake, na shanga nyekundu zilikuwa za mtu aliyewahi kubeba pembe za ndovu mpaka pwani akarudi akiwa hai. Walikuwa na ng'ombe wengi, chuma kizuri, na majivuno kupita vyote viwili.

Majivuno hayo yalitokana na namna yao ya kupigana. Mlenge alikwenda vitani na mikuki sita mirefu ya kurusha, ngao nyepesi ya matete yaliyosukwa, na jina la bibi yake mzaa mama. Kabla mkuki haujatoka mkononi, ilimpasa kujitaja kwa sauti: "Mjukuu wa fulani!" Aliyekuwa mbele yake naye alijitaja. Wakikuta bibi ni mmoja, au mabibi ni ndugu, walipishana, kila mmoja akaenda kutafuta mtu mwingine wa kumwua. Mgeni angecheka, lakini koo za Ulenge zilikuwa zimeoana mno, na vita vyao vya kale vilikuwa vya wao kwa wao, vya kugombea malisho. Bila desturi hiyo wangekwisha wote. Hata nyumbani, mwanamume aliyerudi kutoka vitani hakupiga hodi. Alisimama nje akajitaja kwa jina la bibi yake, ndipo akafunguliwa mlango.

Kisha wakaja Wasenda kutoka kusini. Wao walikuwa na ngao ndefu za ngozi ya ng'ombe, zilizomfunika mtu kutoka kidevuni hadi chini ya magoti, na kila mmoja alishika mkuki mmoja tu, mfupi, wenye bapa pana, wa kuchoma na si wa kurusha. Hawakumtaja bibi wala babu. Kwenye kivuko cha Lwiga Walenge walijipanga koo kwa koo, kila ukoo na mkubwa wake, wakafungua vinywa ili wajitaje. Wasenda wakawaingia vifuani kabla hawajamaliza. Wazee wa Ulenge husema, na nadhani hapo wanatania kwa uchungu, kwamba waliorudi siku ile ni wale wenye mabibi wa majina mafupi.

Luhavi alirudi, ingawa bibi yake aliitwa Semfilinge na jina hilo si fupi. Alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi, mtu wa miaka thelathini mwenye mabega mapana na ulimi mkali. Alirudi na mkuki wa Kisenda umekwama begani mwake, na hakukubali mtu auchomoe njiani, kwa kuwa alitaka kuutazama vizuri atakapofika kiwandani. Lakini alirudi peke yake. Mdogo wake, Kiwele, aliyekuwa amesimama mkono wake wa kushoto kivukoni, alikuwa ametekwa. Wasenda hawakuwaua vijana waliowateka. Waliwalisha, wakawafundisha lugha yao, wakawaingiza jeshini mwao.

Mama yao, Semugunda, hakulia mbele ya watu. Alimfunga Luhavi bega kwa majani, akamwuliza neno moja.

"Yuko hai?"

"Nilimwona akichukuliwa akitembea kwa miguu yake, mama."

"Basi utamrudisha."

"Nitamrudisha," Luhavi akasema. "Nakuapia kwa mama yako aliyekuzaa."

Huo ndio mzigo aliojitwika, na kila alichokifanya miaka miwili iliyofuata alikifanya kwa ajili yake. Watu wengine wakimsifu kwamba aliipenda nchi, mimi siwakatalii, lakini nchi ilikuja nyuma ya Kiwele.

Mtwa Sangamala aliitisha baraza baada ya mavuno. Wakubwa wa koo walikaa kwenye vigoda vyao, na Luhavi, kwa kuwa hakuwa mkubwa wa ukoo wowote, alisimama. Aliweka chini mbele yao ule mkuki mfupi uliotoka begani mwake.

"Kamwene, Mtwa," akaamkia. "Naomba ruhusa ya kunena mambo yasiyopendeza."

"Yaliyopendeza tumeshayasikia, na watu wetu wamekwisha," Mtwa akajibu. "Nena."

"Mkuki wetu ukisharushwa, tumempa adui. Huu haurushwi, kwa hiyo mwenyewe habaki mikono mitupu. Ngao zetu za matete zazuia mshale, hazizuii bapa hili. Kila nyumba itoe ng'ombe mmoja kwa ngao mbili. Nami na wahunzi wenzangu tutakata mikuki yote ifike urefu wa mkono. Pili, tusisimame tena kwa koo. Ukoo ukivunjika, upande mzima unafunguka, na mkubwa wa ukoo wa jirani anasema si shauri lake. Tupangwe kwa rika, tutii baragumu moja."

Minong'ono ikapita. Mambo hayo yaliuma, ila yalimezeka.

"Tatu," Luhavi akaendelea, "kujitaja kukome. Atakayefungua kinywa vitani, nitamtoa mstarini."

Hapo baraza likawaka moto. Aliyesimama alikuwa Chavala, mkubwa wa koo za mlimani, mzee mrefu aliyekuwa bado anaweza kurusha mkuki ukavuka mto.

"Kijana wa kiwanda," akasema, "chuma ukikate unavyopenda, ndiyo kazi yako. Jina la bibi yangu hulikati."

"Baba Chavala, wanao wawili walikufa Lwiga vinywa vikiwa wazi. Niliwaona."

"Nami niliwazika. Usinifundishe habari zao." Mzee akamgeukia Mtwa. "Mtu asiyejitaja ana tofauti gani na Msenda?"

"Tofauti ni kwamba atarudi nyumbani," Luhavi akasema.

Mtwa Sangamala alikuwa mtu wa kupenda amani ndani ya nyumba yake, na mara nyingi aliipata kwa kumkubalia kila mtu nusu. Akaamua hivi: Luhavi atashika jeshi lote, la kwanza kushikwa na mtu asiye na kigoda. Ngao zitakuwa za ngozi, mikuki mifupi, na vinywa vitafungwa. Lakini wazee wa mlimani, watu mia mbili wa Chavala, wataruhusiwa kubaki na mikuki yao mirefu na ngao zao za matete, ili desturi isife kabisa. Nao wafunge vinywa kama wengine. Kila mmoja akatoka barazani amekasirika kidogo, na Mtwa akadhani ametenda haki.

Mafunzo yalikuwa vurugu tupu. Watu waliozoea ngao ya matete walibeba ile ya ngozi kwa shida, wakajikwaa, wakaangushana. Baragumu likilia mara moja maana yake ni simama, mara mbili zunguka, mara tatu fupi songa mbele. Wiki ya kwanza lilipolia mara mbili, nusu ya jeshi ilizunguka kilima na nusu ikaenda kula, kwa sababu zamani baragumu la mara mbili liliita watu kwenye nyama. Ndugu waliotenganishwa na rika walitoroka mistari wakakaa pamoja. Luhavi alitukana, alipiga, alicheka pale alipochoka kutukana. Mwaka wa pili ulipoingia, vijana walianza kusogea pamoja, ngao kwa ngao, bila sauti isipokuwa ya miguu. Wanawake waliokuwa wakichota maji walipowaona mara ya kwanza wakishuka bondeni hivyo, walitupa vibuyu wakakimbia. Walidhani Wasenda wamefika. Luhavi alifurahi sana siku hiyo.

Mama yake alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Jioni ile alimwekea ugali na maziwa ya mgando, akaketi kumtazama.

"Umewafanya wafanane nao kweli," akasema.

"Ndiyo nia, mama."

"Na Kiwele? Kwa sasa naye amevalishwa ngao ile ile. Akitokea mbele yako utamjuaje?"

"Nitamjua uso wake."

"Ngao inafunika uso."

"Nitamjua, mama. Ni mdogo wangu. Nilimfundisha kutembea."

Semugunda alifunika chungu. "Sisi wanawake tulipoanzisha desturi ya majina hatukuwa wajinga," akasema. Luhavi akanawa mikono.

Wasenda walirudi mwishoni mwa kiangazi, wakajipanga kwenye mbuga ya Nyamdete, ng'ambo ya Lwiga. Kuanzia hapo habari zinagongana, na nimesikiliza wasimulizi wengi bila kupata wawili wanaokubaliana. Mbuga ilikuwa imeungua siku moja kabla. Walenge wanasema Wasenda waliichoma ili waone mbali. Wasenda, kwa wajukuu wao waliobaki, wanasema Walenge waliichoma ili kuwanyima ng'ombe wao majani. Lililo hakika ni kwamba asubuhi ya vita ardhi yote ilikuwa majivu, na watu elfu kadhaa walipoanza kutembea juu yake, majivu yakapanda. Nyuso zikawa kijivu. Ngao zikawa kijivu. Jua lenyewe likawa doa jekundu lisiloangaza kitu.

Luhavi alikuwa amempanga Chavala na wazee wake juu ya kichuguu kikubwa kama kilima, nyuma kidogo upande wa kushoto, na akawaamuru wasishuke mpaka baragumu lilie mara mbili. Wapelelezi wake wawili walirudi wakihema.

"Wana ngao ndefu," wa kwanza akasema. "Ni Wasenda kama tunavyowajua."

"Sivyo," wa pili akasema. "Waliotangulia wana ngao za matete na mikuki mirefu. Nimewaona kwa macho yangu."

"Umewaona watu wa Chavala."

"Nilikuwa naelekea kusini, mkuu. Watu wa Chavala wako nyuma yetu."

"Katika majivu haya wajua kusini ni wapi?" Luhavi akauliza. Na kweli mpelelezi hakuwa na hakika.

Baragumu likalia mara tatu, fupi fupi. Jeshi la Ulenge likasonga mbele kimya, ngao kwa ngao, kama lilivyofundishwa. Ndipo mbele yao, mkono wa kushoto, katikati ya wingu, zikasikika sauti.

"Mjukuu wa Sekapile!"

"Mjukuu wa Senyagala!"

Ilikuwa lugha ya Kilenge, na majina yalikuwa ya Kilenge. Mstari ukayumba. Vijana wakatazamana juu ya kingo za ngao zao.

"Ni wazee," Luhavi akasema kwa hasira. "Chavala ameshuka bila amri, na zaidi ya hayo anajitaja." Akamtuma mtu mwepesi wa mbio aende kichuguuni. Jeshi likasimama likingoja, na zile sauti zikazidi kukaribia, nyingi mno, zikipandana. Vivuli vya watu wenye mikuki mirefu vikaanza kuonekana. Mkimbiaji akarudi.

"Mzee Chavala yuko juu ya kichuguu, mkuu. Hakuna aliyeshuka. Anauliza sauti hizi ni za nani."

Sasa Luhavi akachanganyikiwa. Mbele yake palikuwa na watu wenye silaha za Walenge, wakiita majina ya Walenge, nao si watu wake. Nyuma yao alianza kuona ukuta wa ngao ndefu, na hizo bila shaka zilikuwa za Wasenda. Watu wake mwenyewe walifanana na ukuta ule. Kijana aliyesimama kando yake akanong'ona, "Mkuu, tujibu? Bibi yangu ni Sekapile."

Luhavi aliwaza upesi, na ninakiri kwamba alichowaza kilikuwa na akili. Wasenda nao hawakulala miaka miwili. Wana mateka wetu, wamejifunza kwao desturi yetu, na sasa wanaitumia ili tufungue vinywa tena kama kule Lwiga.

"Ni hila," akasema kwa sauti. "Wanataka tujitaje ili watuchome tukiwa tunajitaja. Kimya! Songeni!"

Baragumu likalia mara tatu. Walenge wakawaingia watu wale bila neno. Kulikuwa na mgongano wa ngozi na matete, kisha matete yakapasuka. Hakuna aliyemwona mwenzake vizuri. Mtu alisukuma kwa ngao, akachoma kwa chini, akapita juu ya kilichoanguka. Majivu yaliingia machoni na kooni. Luhavi alikuwa mstari wa kwanza. Mbele yake akatokea mtu wa kimo chake, uso kijivu, ngao ya matete imeinuliwa, na mkuki mrefu umeshikwa wima, ncha juu.

"Mjukuu wa Sem..." yule mtu akaanza.

Luhavi akamchoma chini ya ngao. Pigo lilikuwa safi, la mtu aliyewafundisha wengine siku baada ya siku. Yule mtu akaketi chini kwenye majivu, akashika tumbo, akamalizia.

"...filinge."

Mabibi wa Ulenge walioitwa Semfilinge hawakuwa wengi. Luhavi alipiga magoti. Akalamba kidole gumba, kama mama afanyavyo kwa mtoto, akafuta majivu kwenye paji la uso lile, na chini yake palikuwa na kovu la kuanguka kwenye jiwe la kusagia. Luhavi alikuwapo siku Kiwele alipoanguka.

"Kaka," Kiwele akasema. "Kwa nini hamkujibu?"

Wengine wanasema Luhavi alipiga yowe. Wengine wanasema alibaki kimya muda mrefu, na kwamba muda ule watu wengi walikufa. Wote wanakubaliana juu ya kilichofuata. Alisimama wima katikati ya mapigano, akatupa ngao yake, na kiongozi aliyekataza kujitaja akawa wa kwanza kuivunja sheria yake.

"Mjukuu wa Semfilinge!" akapaza sauti. "Jibuni! Wajibuni! Ni watu wetu! Mjukuu wa Semfilinge!"

Kijana aliyekuwa kando yake akaita, "Mjukuu wa Sekapile!" na kutoka ndani ya majivu, hatua tano mbele, sauti iliyokuwa ikilia ikamjibu kwa jina lile lile. Sauti zikaenea mstari mzima. Mikuki iliyokuwa imeinuliwa ikabaki juu. Watu wakaanza kushikana mikono, kugusana nyuso, kuulizana. Ndipo ilipoonekana kwamba watu wale wa mbele hawakuwa wamerusha hata mkuki mmoja tangu asubuhi.

Walikuwa mateka wa Lwiga. Wasenda walikuwa wameona kwamba mikuki ya kurusha ya Walenge ilifaa kuanzisha vita kabla ngao ndefu hazijafika, wakawapa mateka silaha zao za zamani na kuwatanguliza. Kiwele, kwa kuwa alikuwa hodari, walimfanya mkubwa wao. Naye alikuwa amepanga na wenzake kwa miezi: siku watakapokutana na jeshi la nyumbani watajitaja, watajibiwa, watageuka pamoja na kuwaangukia Wasenda. Mpango wote ulisimama juu ya jambo moja, kwamba Mlenge hawezi kusikia jina la bibi akanyamaza.

Wakageuka pamoja, kama Kiwele alivyopanga, ingawa wamechelewa na wamepungua. Wasenda wenyewe waliona watu wenye ngao kama zao wakiwajia kutoka majivuni, wakawafungulia njia wakidhani ni wenzao wanaorudi nyuma kupumzika. Walipotambua, Walenge walikuwa tayari ndani ya mstari wao. Baragumu likalia mara mbili, Chavala akashuka kichuguuni na mikuki yake mirefu, na kabla jua halijasimama katikati Wasenda walikuwa wakikimbilia kusini. Hawakurudi Ulenge tena. Ushindi ulikuwa mkubwa kiasi hicho, na hakuna aliyejua aushangilie vipi.

Luhavi hakuwafuata. Alikuwa ameketi, kichwa cha mdogo wake mapajani pake, kiganja chake kimeziba jeraha.

"Tuliita mpaka sauti zikakauka," Kiwele akasema. "Nikadhani labda tumekosea jeshi. Nikaona ngao hizi, nikasema hawa ni Wasenda wa upande wa pili. Halafu nikaona unavyotembea. Unatupa mguu wa kulia. Nikasema yule ni kaka, nikaja kwako."

"Niliwakataza kujibu."

"Wewe?"

"Mimi."

Kiwele alifikiri, kama mtu anayejaribu kuelewa hesabu ngumu. Mkono wake ukaigusa ngao iliyolala kando.

"Ni ngao nzuri," akasema. "Kama zao."

Chavala alifika hapo, amefunikwa majivu mpaka kwenye ndevu. Alimtazama aliyelala, akamtazama aliyemshika, akaelewa. Mtu yeyote angemsamehe mzee yule kama angesema neno la lawama. Alisema, "Hamna cha kumbebea. Mikuki yenu ni mifupi." Akachukua mikuki miwili mirefu ya watu wake, akafunga ngozi katikati, ikawa machela, na yeye mwenyewe akashika upande wa mbele. Luhavi akashika wa nyuma. Kiwele alikata roho kabla hawajavuka Lwiga.

Ulenge iliyafikiria upya mambo yake ya vita mwaka uliofuata, mara ya pili. Ngao za ngozi zilibaki, na mkuki mfupi ukabaki, lakini kila kikosi kikapewa pia safu ya mikuki mirefu nyuma yake. Kujitaja kulirudi. Hakukuwa tena kwa mtu mmoja mmoja kabla ya pigo. Jeshi zima lilisimama mbali, nje ya kufikiwa na mkuki, na kuita mabibi zake wote kwa pamoja, kisha likanyamaza na kusikiliza kwa muda wa pumzi kumi. Wageni waliokuja baadaye waliandika kwamba Walenge huimba kabla ya vita. Hawakuwa wakiimba. Utaratibu huo aliubuni Chavala, aliyeshika jeshi mpaka kufa kwake, kwa maana Luhavi alimrudishia Mtwa baragumu na akakataa ng'ombe aliopewa. Alihamia nchi ya mbali akafua majembe, majembe tu. Watoto wa huko hawakujua kwamba aliwahi kushika mkuki.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ya pili baada ya vita, adhuhuri, machela ilifika mbele ya nyumba ya Semugunda. Mlango ulikuwa umefungwa kama desturi ilivyotaka. Ndani, mwanamke alikuwa amesikia miguu, na alikuwa amesimama nyuma ya mlango, mkono juu ya komeo. Luhavi na Chavala wakaiweka machela chini polepole.

Luhavi alifungua kinywa, akakifunga. Chavala akatazama pembeni. Hatimaye sauti ikatoka, ndogo, isiyofanana na ile iliyoamuru jeshi.

"Mjukuu wa Semfilinge," akasema.

Komeo halikusogea.

"Huyo nimemsikia," mama yake akasema kutoka ndani. "Namngoja wa pili."